Baridi ya Mbeya Isikudanganye: Namna ya Kupima Kipoza Kikubwa cha Prosesa

Julai moja nilimfungia kijana wa Kyela kompyuta ya kuhariria video. Karakana yangu iko Mwanjelwa, Mbeya, na asubuhi ile nilikuwa na koti na kofia ya sufu. Nikaipa prosesa (ubongo wa kompyuta), Ryzen 9 5900X, kazi nzito kwa nusu saa. Ikatulia kwenye nyuzi 68. Nikamkabidhi mashine kifua mbele. Novemba akapiga simu: "Shikamoo fundi. Mashine imekuwa konokono." Nikateremka. Chumba chake nyuzi 33, prosesa imegota 90, ambacho ndicho kikomo chake, inajipunguza mwendo yenyewe. Kipoza kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyepima baridi ya Mbeya nikadhani nimepima kipoza.

Kwa hiyo anza na kipimajoto cha chumba. Kiweke pale kasha linapovutia hewa, mbali na upande linakotolea. Joto la prosesa toa joto la chumba. Namba inayobaki ndiyo ya kipoza. Karakana yangu ilikuwa nyuzi 12 siku ile: 68 kutoa 12 ni 56. Ongeza 33 za Kyela, unapata 89. Hesabu ya darasa la tatu ingeniokolea nauli.

Namba hiyo haina maana kama umeme unaoliwa na prosesa unapandashuka. Funga wati kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi unayoingia kompyuta inapowaka (5900X kiwandani inaruhusiwa 142) na ufunge mwendo wa feni usibadilike. Kisha usiwe na haraka. Kilo nzima ya shaba na alumini huchelewa kupata moto, hivyo dakika 5 za mwanzo zitakupa sifa za bure. Mimi husubiri namba isimame dakika 10 bila kupanda.

Kuna jambo la mwinuko pia. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na feni ikizunguka mizunguko ileile inabeba joto pungufu kuliko ingebeba kule Kyela, upande wa Ziwa Nyasa. Ila nafuu ya Kyela kwa upande huo ni ndogo. Jua lake linaimeza yote.

Baadaye nilimwekea Noctua NH-D15, kipoza cha Waustria chenye umbo la mnara kilichotoka mwaka 2014, feni mbili za milimita 140. Kwa wati zilezile tofauti ilishuka hadi 48. Ni kipoza kizuri, lakini kabla hujatoa hela chukua rula. Kina kimo cha milimita 165, na makasha mengi ya bei nafuu hayafungi mfuniko wa ubavu. Ramu (vijiti vya kumbukumbu) zilizokaa chini ya feni ya mbele zisizidi milimita 32. Ukiipandisha feni hiyo ili ramu ndefu zipite, kimo nacho kinapanda, na ubavu unarudi kukusumbua.

Kelele ipime usiku, mtaa umelala, feni zikiwa kwenye kasi ya juu halafu nusu yake. Nikiwa Tukuyu sipimi kelele kabisa. Mvua ikianza kupiga bati, hata mashine ya kusaga huisikii.

Ukimaliza, zima, kifungue kipoza, utazame pesti, ule ute unaopakwa kati yake na prosesa. Ikiwa imesambaa nyembamba katikati, kimekaa vizuri. Ikiwa nene upande mmoja, ulikaza skrubu moja mpaka mwisho kabla ya nyingine: futa, paka upya, kaza kwa zamu nusu mzunguko, na vipimo vyote vya mwanzo vitupe.

Usafiri je? NH-D15 na feni zake ina gramu 1,320, zinaning'inia kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Kwa gari dogo laza kasha ubavu, mnara uelekee juu. Kwa kosta ya Kyela, na zile kona za kushuka Tukuyu, mimi huking'oa kabisa nikakipakata kwenye boksi lake.