Stoo ya tina na petroli: kupanga daraja la hatari kabla ya kuchora vinyunyizio vya kuzima moto

Kosa la kwanza hufanyika kwenye karatasi: mchoraji anaona neno "stoo", anaandika Hatari ya Kawaida Kundi la 2 (daraja la NFPA 13, kiwango cha Marekani cha vinyunyizio), na bomba zinapimwa kwa milimita 8.1 za maji kwa dakika. (Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba.) Tina, yaani kiyeyusho cha rangi, haizimwi na kiasi hicho.

Anza na karatasi ya usalama ya kemikali, kifungu cha 9. Tafuta joto ambalo mvuke wake huanza kushika moto, na joto la kuchemka. Katika NFPA 30, kiwango cha Marekani cha vimiminika vinavyowaka, kimiminika kinachoshika moto chini ya nyuzi 22.8 za Selsiasi na kuchemka kuanzia 37.8 ni daraja la IB: petroli, asetoni, toluini. Kati ya 22.8 na 37.8 ni IC, kuanzia 37.8 hadi chini ya 60 ni II, humo ndimo dizeli na mafuta ya taa. Lakini stoo ya mabati ikifika nyuzi 40, mafuta ya taa yanayoshika moto kwenye 38 huhesabiwa kama daraja la I.

Pili, angalia chombo, na hapa ndipo wengi wanateleza. Pipa la chuma la lita 200 lisilo na kizibo cha kupunguza presha hupasuka. Dumu la plastiki huyeyuka na kumwaga vyote sakafuni. Kimiminika chepesi kuliko maji na kisichochanganyika nayo huelea na kusafiri nayo hadi mlangoni, kwa hiyo mifereji na kizuizi cha kumwagika ni sehemu ya kinga. Pima pia urefu wa mrundikano na wa dari, na kama ni rafu au paleti.

Ukiwa na hayo, nenda kwenye majedwali ya NFPA 30. Usichague Hatari Kubwa Kundi la 2 ya NFPA 13 (milimita 16.3 juu ya mita za mraba 232) kwa mazoea, hiyo ni ya kazi kama kunyunyizia rangi au kuchovya vanishi. Chombo chako kisipokuwamo kwenye jedwali, stoo huhesabiwa haina kinga, hata kama dari imejaa vinyunyizio. Punguza kiasi au badili chombo. Akiba ndogo weka kwenye kabati maalumu, isizidi lita 454.

Mahali Hatari Kubwa Kundi la 2 inapofaa kweli, kinyunyizio kimoja kisifunike zaidi ya mita za mraba 9.3, yaani lita 152 kwa dakika. Cha K80 (K ni lita kwa dakika kinazotoa kwa presha ya baa 1) kitadai presha ya baa 3.6, K115 baa 1.7 tu. Kwa eneo lote ni lita 3,780 kwa dakika, ongeza 1,900 za mipira ya zimamoto: kwa dakika 90 tangi linahitaji mita za ujazo 511. Piga hesabu hiyo kabla mwenye jengo hajamwaga msingi.