Kukata mguu wa majeruhi wa vita: usishone siku hiyohiyo

Nafanya upasuaji Goma. Vijana wanaokwenda kufanya kazi vijijini huniuliza kwanza wakate wapi. Anza na swali jingine: je, lazima ukatwe? Mguu unaoning'inia kwa ngozi tu baada ya kukanyaga bomu, au uliokwisha kufa kwa kukosa damu, hauna mjadala. Mwingine wowote, mwite mwenzako autazame, kisha keti na mgonjwa na jamaa zake mpaka waelewe na wakubali.

Funga mkanda wa kuzuia damu pajani, mpe penisilini na kinga ya pepopunda. Ketamini inatosha kumlaza. Osha mguu mzima kwa sabuni na maji mengi.

Bomu la kutegwa ardhini hurusha udongo, nyasi na vipande vya kiatu juu kabisa, katikati ya misuli, huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Kwa hiyo upime msuli wenyewe. Legeza mkanda kwanza, maana msuli usiopata damu hukudanganya. Ulio hai ni mwekundu, hujikunja ukiubana kwa koleo, na hutoka damu ukiukata. Usiojikunja, uondoe wote.

Ukiweza kuliokoa goti, liokoe kwa kila hali. Sentimita 12 hadi 14 za mfupa chini yake zinafaa sana kwa mguu wa bandia. Usikate mviringo mmoja kama gogo. Acha nyama na ngozi ya kutosha kuufunika mfupa. Ateri zifunge mara mbili. Neva ivute taratibu, ikate kwa kisu kikali, uiache irudi ndani. Ncha ya mbele ya muundi ilainishe kwa tupa, na ule mfupa mwembamba wa kando uwe mfupi zaidi.

Sasa acha wazi. Kigutu kilichoshonwa siku ya kwanza hufungia uchafu ndani, kisha kinaoza. Weka shashi nyingi bila kushindilia, funga bendeji, usifungue mpaka siku ya 4 au ya 5, ila akivuja damu, akipata homa au kidonda kikinuka uozo. Harufu kali ya damu iliyokauka isikutishe. Kikiwa safi, shona.

Mama yake, kwa huruma, ataweka mto chini ya goti. Uondoe, umweleze kwa nini: goti likikauka limekunja, mafundi wa Shirika la Umoja, kituo cha viungo bandia hapa Goma, watapata taabu kumvisha mguu wa bandia. Mgonjwa alinyooshe kila siku, hata kabla ya kushonwa.