Namna ya kusoma matetemeko ya kaldera inayojaa magma

Ndugu wanachama, kaldera ni shimo pana linalobaki pale paa la hifadhi ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, linapoporomoka baada ya magma nyingi kutoka. Menengai, kando ya Nakuru, ni mojawapo. Magma ikijikusanya tena chini yake, mwamba husukumwa hadi ukapasuka, na kila mpasuko ni tetemeko. Wengi huanza kwa kuhesabu matetemeko. Kwa maoni yangu, idadi iangaliwe mwisho.

Hatua ya 1: Tazama ramani. Matetemeko yakijipanga kwa mviringo kwenye kingo, yaelekea yanatoka katika ufa wa duara ambao sakafu iliteremkia. Mfano bora ni Bárðarbunga, Iceland, iliyofunikwa na barafu ya Vatnajökull. Kati ya Agosti 2014 na Februari 2015 sakafu yake ilishuka takriban mita 65, huku magma ikisafiri chini ya ardhi zaidi ya kilomita 40 hadi uwanda wa Holuhraun, ilikotoka kama lava. Miezi michache baada ya lava kukoma, matetemeko yalianza kuongezeka tena katika ufa uleule, ila msogeo ulikuwa umegeuka: sakafu iliyokuwa ikizama sasa ilisukumwa juu. Dalili hiyo naithamini kuliko zote.

Hatua ya 2: Chunguza umbo la mawimbi. Mwamba mkavu ukivunjika, mstari wa kipima tetemeko huruka ghafla, ukajaa meno yaliyobanana, kisha ukatulia. Lakini majimaji au gesi vikisukumana katika nyufa, mstari huanza taratibu, na mawimbi yake huwa mapana.

Hatua ya 3: Linganisha kina cha matetemeko na uvimbe wa ardhi unaopimwa kwa GPS na setilaiti, pamoja na gesi zinazotoka.

Hatua ya 4: Soma ukubwa kwa uangalifu, kwani nambari moja zaidi ni nishati mara 32 hivi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Likoni: Mwalimu, tetemeko tulilolisikia Mombasa Agosti 2020 lilitokana na magma?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Lilianzia chini ya bahari, pwani ya Tanzania, likiwa na ukubwa wa karibu 6, na chanzo chake ni kuvunjika kwa gamba la dunia.

Mwanachama wa Kisauni: Nina jamaa Nakuru. Ardhi ikivimba, mlipuko ni lazima?

Jibu: La, dada. Setilaiti zilionyesha volkeno ya Longonot ikiinuka takriban sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na hakukuwa na mlipuko.

Mwanachama wa Changamwe: Basi kuna haja gani ya kupima, mwalimu?

Jibu: Kwa sababu tetemeko lenyewe hudhuru. Katika kaldera ya Campi Flegrei, Italia, ardhi ya mji wa Pozzuoli ilipanda takriban mita 1.8 kati ya 1982 na 1984. Lava haikutoka, lakini matetemeko ya kina kifupi yaliharibu majengo, na watu wapatao 40,000 wakahamishwa. Tangu 2005 ardhi hiyo inapanda tena, na Mei 2024 ilitikiswa na tetemeko la 4.4. Mhandisi wa hapo hawezi kungoja moshi ndipo akakague kuta.