Kabla ya Kubandua Lipu ya Zamani kwenye Nyumba Yenye Madirisha Yaliyotokeza

Lipu ya nje ikianza kuachia, wengi humwita fundi na kumuuliza bei ya mita ya mraba. Kwa nyumba yenye madirisha yaliyojengwa yakatokeza nje ya ukuta, swali hilo limewahi mno. Ukuta ulionyooka hauna siri nyingi. Kazi yenyewe iko kwenye madirisha hayo.

Anza kwa kugonga. Pita ukuta mzima taratibu kwa mpini wa nyundo: lipu iliyoshika hutoa mlio mzito, iliyoachia hulia uvungu. Weka alama za chaki. Zikitapakaa kila upande, bandua yote, maana viraka vingi hupasuka pembezoni na maji yakarudi kuingia.

Kisha tazama nyufa. Ufa wa wima pale dirisha linapoungana na ukuta mkuu nauogopa kuliko mwingine wowote. Mara nyingi sehemu iliyotokeza ina msingi mfupi kuliko wa nyumba, hivyo hutitia kivyake. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila mwezi. Ukiona unaongezeka, muite mhandisi wa majengo kabla ya fundi lipu. Hata ufa ukiwa umetulia, maungio hayo yaachiwe nafasi nyembamba ijazwe kizibo kinachovutika; lipu ikipitishwa juu yake moja kwa moja itapasuka palepale.

Kwenye nyumba za ghorofa, kipande cha ukuta kati ya dirisha la chini na la juu huenda si tofali kabisa, bali fremu ya mbao iliyopigiliwa fito na kupakwa lipu. Maji yakipenya humo kwa miaka, mbao huoza bila mtu kuona. Mwambie fundi afungue sehemu ndogo kwanza, kabla hamjakubaliana bei. Nguzo zilizo kati ya vioo nazo zaweza kuwa zimebeba uzito wa ghorofa ya juu na paa. Zisiguswe kabla ya kuwekewa mihimili ya kushikilia.

Hakikisha pia lipu au rangi ya zamani haina asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) wala madini ya risasi yenye sumu; kipande kidogo kipelekwe maabara kabla tindo halijaanza kazi. Vumbi la lipu peke yake lina silika, chembe za mchanga zinazodhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ya kweli inahitajika, siyo kitambaa.

Kuhusu mchanganyiko, ukuta wa zamani wa tofali laini uliojengwa kwa chokaa usivikwe saruji kali. Saruji hufungia unyevu ndani, na tofali huanza kumomonyoka nyuma yake. Hapo tumia lipu ya chokaa. Kwa ukuta wa tofali imara, kipimo kinachotumika sana ni saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, na mchanga uwe umeoshwa, usio na chumvi. Tabaka la juu lisiwe gumu kuliko la chini yake.

Pima unene mapema, hasa chini ya madirisha. Kizingiti cha chini cha dirisha kwa kawaida huwa na mfereji mdogo upande wa chini unaodondosha maji mbali na ukuta. Lipu mpya ikiwa nene kuliko ya zamani, huufikia mfereji huo na maji yakateremka ukutani. Vilevile, bati linaloziba maungio ya paa dogo la dirisha na ukuta hushikwa na lipu. Likaguliwe na kubadilishwa wakati ukuta uko wazi. Chini, lipu iishie kama milimita 150 juu ya ardhi.

Jukwaa lizunguke kona zote za dirisha, maana ngazi haimfikishi fundi pembeni vizuri. Na panga kazi msimu usio na mvua, joto likiwa juu ya nyuzi 5 za Selsiasi. Jua kali nalo ni adui: tundika turubai, na lipu mpya inyunyiziwe maji kidogo kidogo siku za mwanzo isikauke kwa pupa.