Fomu yako ya Excel ni nzito? Usitafute mchawi, fungua faili

Mwezi uliopita nililetewa faili la kuandikisha wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama hawafiki mia tano, lakini ukijaza seli moja unaweza kwenda kuchemsha chai, ukarudi, kile kiduara bado kinazunguka. Dada mhasibu alishaandika barua ya kuomba kompyuta mpya. Nikamwomba aiweke kwanza kwenye droo. Kompyuta ilikuwa nzima. Faili ndilo lililobeba mizigo isiyo yake.

Tengeneza nakala kwanza, na kazi yote uifanyie kwenye nakala hiyo.

1. Jua linakwama wapi

Nenda Formulas, kisha Calculation Options, uchague Manual. Jaza seli tatu nne. Likianza kukimbia, tatizo ni fomula. Ruka hadi hatua ya 5. Likiendelea kujikokota, tatizo ni mapambo na takataka. Ukimaliza kupima rudisha Automatic. Mimi nimewahi kusahau: jumla ikabaki ya jana na ripoti ikaenda hivyo hivyo.

2. Ctrl+End

Bonyeza vitufe hivyo kwenye kila shiti. Utapelekwa kwenye seli ambayo Excel inaamini ndiyo ya mwisho kutumika. Shiti moja ina mistari 1,048,576. Ukijikuta mstari wa laki tisa wakati majina yako yanaishia mstari wa 460, kuna mtu aliburuta fomula au mipaka hadi chini huko. Chagua mstari wa kwanza ulio mtupu kwa kubofya namba yake, bonyeza Ctrl+Shift na mshale wa chini, bofya kulia, chagua Delete. Kitufe cha Delete cha kibodi hakitoshi, maana kinafuta maandishi na kuacha mapambo. Hifadhi, kisha jaribu Ctrl+End tena.

3. Kanuni za rangi zilizozaana

Hapa ndipo ninapokuta ugonjwa mara nyingi kuliko pengine popote. Fungua Home, Conditional Formatting, Manage Rules, na pale juu uchague This Worksheet.

Fomu ile ilianza na kanuni mbili tu: anayedaiwa awe mwekundu, aliyemaliza awe kijani. Lakini wanaojaza hawaandiki upya. Wananakili mstari wa jana na kuubandika leo. Kila ubandikaji unaweza kuikata kanuni vipande. Badala ya moja inayoshika D5:D500, unabaki na ya D5:D31, nyingine ya D32, nyingine ya D33:D40, na zote zinasema jambo lile lile. Excel inazikagua zote kila inapochora skrini. Faili la yule dada niliishusha orodha mpaka kidole kikachoka.

Usizifute moja moja. Andika pembeni kanuni zako halisi, tumia Clear Rules from Entire Sheet, halafu ziweke upya kwa eneo zima.

4. Vitu visivyoonekana

Ukinakili kutoka kwenye tovuti, hufuatana na visanduku na vipicha ambavyo macho hayavioni. Alt+F10 itakuonyesha orodha yake. Kuna ushauri maarufu wa kubonyeza F5, Special, Objects na kufuta kila kitu. Uogope: unaondoka na nembo pamoja na vitufe vya fomu yenyewe.

5. Fomula zisizolala

Fomula za OFFSET, INDIRECT, TODAY na NOW hujikokotoa upya kila unapobadilisha seli, hata isiyozihusu, na zinaziamsha fomula zote zinazozitegemea. Tarehe ya kujaza fomu haihitaji TODAY kabisa. Bonyeza Ctrl na nukta mkato. Tarehe itaandikwa na kubaki hapo. Zaidi ya uzito, TODAY ni kosa: fomu ya Januari ukiifungua Juni itasema imejazwa Juni. Orodha ya kuchagua inayorefuka yenyewe kwa OFFSET, igeuze data yake kuwa jedwali kwa Ctrl+T, ama utumie INDEX, ambayo haijikokotoi kila mara kama OFFSET.

Angalia pia SUMPRODUCT (fomula ya kuzidisha na kujumlisha) iliyopewa kolamu nzima, kama A:A. Itapita seli zaidi ya milioni moja. Ipe eneo halisi, au tumia SUMIFS (ya kujumlisha kwa masharti), ambayo inajua kuishia pale data inapoishia.

6. Printa

Ndiyo, printa. Excel huiuliza printa ya kawaida (default, ile kompyuta inayoitumia usipochagua nyingine) inapopanga kurasa, na kama ni ya mtandao na imezimwa, unasubiri jibu lisilokuja. Chagua Microsoft Print to PDF iwe ya kawaida kwa muda, uone tofauti.

Likibaki zito baada ya hayo, chukua nakala ya faili la .xlsx, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ulifungue. Folda ya xl/worksheets itakuonyesha shiti iliyonenepa, na xl/media picha zilizojaa.

Kabla ya kulirudisha faili kwa wajazaji, wafundishe kubandika thamani tu: Ctrl+Alt+V, kisha V, kisha Enter. Kufunga shiti kwa nywila hakuwazuii kubandika kwenye seli zilizoachwa wazi, na zile kanuni za rangi zitaanza kuzaana upya wiki hiyo hiyo.