Kempa ya zamani, bei ya kununulia ni mwanzo tu

Jamani mnaotaka kempa vani ya zamani, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, msimalize hela yote kwa muuzaji. Kinachokula pesa ni maji kuvuja ndani, kuliko hata injini, bonyeza kuta kwa kidole gumba kwenye kona za madirisha na kuzunguka tundu la paa, pakibonyea kama mkate uliolowa ujue mbao za ndani zishaoza na hapo fundi anafumua ukuta mzima. Tairi nazo zisikudanganye kwa meno mazuri, soma zile namba 4 za tarehe ubavuni, 2314 ni wiki ya 23 mwaka 2014, kwa hiyo zimezeeka hata kama gari lilikuwa limepaki tu. Mipira ya kupitishia mafuta na mkanda wa taimingi wa injini badilisha kabla ya safari ya kwanza, mi huwa sisubiri.