Jinsi ya kuwa fundi wa viti vya watoto vya gari nchini Marekani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na wanaotaka kusomea ufundi wa usalama wa watoto garini. Utafiti uliofanywa na NHTSA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia usalama barabarani, ulikuta kwamba asilimia 46 ya viti vya watoto vilikuwa vinatumiwa kwa namna isiyo sahihi, na hapo wamo wazazi waliozaliwa huku na wanaosoma Kiingereza bila taabu. Sasa mfikirie mama aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kuhamishiwa Lexington au Columbus, akapewa kiti ndani ya boksi pamoja na kijitabu cha Kiingereza na Kihispania, na wiki hiyohiyo anatarajiwa kumpeleka mtoto kliniki kwa gari la jirani. Mama huyo anamhitaji mtu wa kumwelekeza kwa lugha yake, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Hatua ya 1: Ielewe kazi kabla ya kulipa ada

Wengi hudhani kwamba fundi ni mtu wa kuwafungia watu viti. Si hivyo. Fundi ni mwalimu, na kipimo cha kazi yake ni kama mzazi ameondoka akiwa anaweza kukitoa kiti na kukifunga tena peke yake, kwa sababu kesho kiti kitahamishiwa gari la shemeji na wewe hutakuwapo. Kwa hiyo mikono inayofanya kazi ni ya mzazi, na yako hubaki kuelekeza na kukagua. Ukiwa mtu wa haraka, mwenye tabia ya kumpokonya mwenzako kitu ili ukimalize mwenyewe, anza mapema kujizoeza subira.

Si lazima uwe muuguzi, askari au zimamoto, ingawa utakutana na watu wa kazi hizo darasani. Utahitaji kuinama, kupiga magoti ndani ya magari madogo na kubeba viti vizito kwa siku nzima.

Hatua ya 2: Jiandikishe

Vyeti hutolewa na shirika la Safe Kids Worldwide. Fungua akaunti kwenye tovuti yake, tafuta kozi katika jimbo lako, kisha jiandikishe. Ada ya kawaida ni dola 95, japokuwa wenyeji wa kozi, ambao mara nyingi ni vituo vya zimamoto, hospitali au idara za afya, wanaweza kuongeza gharama zao au kukulipia kabisa. Ukiwa unajitolea katika shirika la wakimbizi au kanisani, uliza kwanza kama kuna mfuko wa kukusaidia kabla hujatoa pesa yako.

Kozi nyingi huendeshwa kwa Kiingereza. Usiogope, lakini mwandikie mapema mkufunzi anayeongoza kozi, umweleze kwamba Kiswahili ndicho lugha utakayoifanyia kazi.

Hatua ya 3: Jitayarishe kwa kusoma vitabu viwili

Kila kiti kina kijitabu chake, na kila gari lina kitabu chake. Fundi hafanyi jambo lolote kwa mazoea ikiwa vitabu hivyo vinasema vingine. Wiki moja kabla ya darasa, chukua kitabu cha gari lolote ulilo nalo karibu, usome sura ya mikanda, sura ya mifuko ya hewa na sura ya viti vya watoto. Tafuta vyuma viwili vya chini vilivyojificha kwenye mkunjo wa kiti cha nyuma, ambavyo ni sehemu ya mfumo uitwao LATCH, wa kukishika kiti cha mtoto bila mkanda wa gari, na vimekuwa lazima katika magari mapya tangu Septemba 2002, halafu tafuta chuma cha nyuma kinachoshika mkanda wa juu wa kiti kinachotazama mbele. Katika magari mengine utakikuta nyuma ya kiti, katika mengine kwenye dari au sakafuni.

Hatua ya 4: Siku za darasa

Kozi kwa kawaida huchukua siku tatu au nne. Kuna majaribio ya maandishi ambayo unaruhusiwa kufungua kitabu chako, na kuna mitihani ya vitendo mbele ya mkufunzi. Somo la nguvu za ajali huja mapema, nami nakushauri ulishike vizuri, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kuzungumza na wazee wetu waliozoea kumpakata mtoto. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: zidisha uzito wa mtoto kwa ratili na mwendo wa gari kwa maili kwa saa. Mtoto wa ratili 10, yaani kama kilo nne na nusu, gari likigonga kwa mwendo wa maili 30, anavutwa mbele kwa nguvu ya ratili 300, karibu kilo 136. Bibi akisema kwamba mikono yake haijawahi kumwangusha mjukuu, usimbishie. Mweleze kwa heshima: "Bibi, upendo wako naujua, lakini mzigo wa kilo 136 hata kijana wa gereji hawezi kuuzuia kwa mikono."

Kinachowatoa watu jasho ni ufungaji, na hapa nitakaa kidogo. Chukua kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma na ukifunge kwa mkanda wa gari. Kwanza hakikisha hakuna mfuko wa hewa unaofanya kazi mbele yake. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko kama huo. Pitisha mkanda kwenye njia iliyowekewa alama ya kutazama nyuma, ukiwa bapa bila kujisokota, kisha ufunge kwenye bizimu mpaka usikie mlio. Katika magari mengi, ukivuta sehemu ya begani polepole mpaka mwisho kabisa halafu ukaiachia irudi, utasikia mlio mdogo unaofuatana, tik-tik-tik, na hapo mkanda umejifunga: unakubali kurudi ndani na unakataa kutoka. Gandamiza kiti kwa mkono, kaza, gandamiza tena, kaza. Kama kiti kina kibano chake cha kushika mkanda, fuata kijitabu, kwa sababu mara nyingi huhitaji kutumia kibano na pia kuufunga mkanda kwa njia hiyo ya kuuvuta mpaka mwisho.

Sasa pima. Kishike kiti pale mkanda unapopita, kwa mkono wako usio na nguvu, ukitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya inchi moja. Wanaoanza hukitikisa juu, karibu na kichwa cha mtoto, ambako lazima kitacheza, kisha wanaanza kukaza upya kitu ambacho tayari kimekaa sawa. Mwisho tazama kipimo cha mlalo kilicho ubavuni mwa kiti, kwa kuwa mchanga akikaa wima mno kichwa huinamia kifuani na pumzi ikabanwa.

Vyuma vya LATCH na mkanda wa gari vina usalama ulio sawa vikitumiwa sawasawa. Chagua kimoja, usitumie vyote viwili kwa pamoja isipokuwa watengenezaji wa kiti na wa gari wameruhusu. Kumbuka pia kwamba vyuma vya chini vina kikomo: kwa kawaida mtoto na kiti chake wakijumlishwa wasizidi ratili 65, kama kilo 29, na vitabu vinaweza kutaja kiwango cha chini zaidi.

Kisha mvalishe mwanasesere wa mazoezi mikanda ya kiti cha mtoto. Anayetazama nyuma, mikanda itokee kwenye usawa wa mabega yake au chini kidogo. Anayetazama mbele, itokee kwenye usawa wa mabega au juu kidogo, na mkanda wa juu wa nyuma ufungwe kila mara. Klipu ya kifuani ikae usawa wa kwapa. Jaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili juu ya mfupa wa bega: ukipata mkunjo wa kushika, bado haujakaza. Jifunze pia kuonyesha tatizo la makoti. Mfunge mtoto akiwa na koti nene la baridi, mtoe bila kulegeza mikanda, mvue koti, mrudishe. Mzazi ataona kwa macho yake nafasi iliyobaki, na hatahitaji hotuba. Mwambie amfunge bila koti, kisha amfunike blanketi au kitenge juu ya mikanda.

Hatua ya 5: Siku ya ukaguzi wa viti

Kozi huishia kwa wanafunzi kuwahudumia wazazi halisi chini ya uangalizi wa wakufunzi. Fuata utaratibu huu. Msalimie mzazi ipasavyo, muulize jina la mtoto, umri, uzito na urefu. Kabla hujagusa chochote, andika jinsi kiti kilivyofika. Soma lebo ili upate tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, angalia kama kiti hicho kimerudishwa na mtengenezaji kwa hitilafu, na uulize kama kimewahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Viti vya kupewa au kununuliwa mitumba ndivyo vinavyohitaji maswali haya zaidi.

Usimwambie mama kwamba alikosea. Mwambie: "Mama Neema, hapa pameshika vizuri, na hapa tutakaza zaidi." Eleza kwa kifupi, onyesha mara moja, kisha kitoe kiti umwachie akifunge yeye mwenyewe, nawe nyamaza mpaka akuulize. Baba akiwa ndiye dereva, naye afunge. Sheria za umri na kimo hutofautiana kati ya majimbo, kwa hiyo beba nakala ya sheria ya jimbo lako, lakini mweleze mzazi kwamba sheria ni kiwango cha chini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2018 kwamba mtoto aendelee kutazama nyuma kwa muda mrefu iwezekanavyo, mpaka afikie kikomo cha uzito au kimo cha kiti chake.

Hatua ya 6: Kitunze cheti

Cheti hudumu miaka miwili. Ili kukihuisha utahitaji ukaguzi wa viti vitano ulioidhinishwa na mkufunzi au fundi aliyepewa mamlaka hayo, saa sita za masomo ya kuendelea, kushiriki siku ya ukaguzi kwa saa mbili au kutoa elimu ya jamii kwa saa nne, pamoja na ada. Cheti kikiisha muda hujaandikisha haya, itakubidi ufanye tena kozi au mitihani ya kupata cheti. Kwa hiyo mwombe mkufunzi aidhinishe kiti chako cha kwanza katika mwezi uleule unaopata cheti, na uingize kila somo kwenye akaunti yako siku unayolimaliza.